Vidonge Vilivyobaki Nyumbani

Benchi la Etete Zenebech, mama muuza kahawa, liko kwenye kona ya mji wa Debre Birhan ambapo magari yaendayo mlimani, kwenye maji ya baraka yanayoponya wagonjwa, hungoja abiria. Alhamisi ile nilikaa hapo nikisubiri gari lijae. Kaka yangu mkubwa, Gashe Wubshet, alikuwa huko mlimani tangu Jumapili. Kiharusi kilimkakamaza mkono na mguu wa kushoto, na mwaka mzima alimeza vidonge vya kulegeza misuli, mara tatu kwa siku. Kwetu, mtu akienda kwenye maji, dawa huiacha nyumbani. Hakuna padri aliyetuagiza. Tuliona kuichukua ni kumtilia Mungu shaka. Asubuhi hiyo mkewe alipiga simu: anatetemeka, mwili unawaka, mguu umekaza kama nguzo, na anaongea na mama yetu, aliyekwisha kufa.

— Pepo huyo anatoka, alisema Kengele, mpiga kengele wa kanisa. Na akitoka, lazima apige mlango teke.

— Pepo wapi! alidakia Breki, dereva wa lori mstaafu. Mguu ni springi. Umeulegeza mwaka mzima, umeuachia ghafla, unarudi na hasira zake.

— Sasa tufanyeje? niliuliza.

— Tumnyooshe. Watu wanne, kila mmoja na kiungo chake. Samaki mkunje angali mbichi.

— Ana miaka sitini na mmoja, Breki.

— Basi amekauka kidogo. Tutampaka siagi.

— Siagi hiyohiyo uliyompaka punda wako? aliuliza Etete, akimimina kikombe cha pili. Yuko wapi punda?

— Etete, usinichokoze. Yule alikufa kwa uzee.

Kengele alisogea karibu.

— Mimi nalaumu vidonge. Pasaka hamkumwona? Miguu imelegea kama mkate wa injera uliolowa, akaanguka mlangoni. Sasa damu imeshtuka, inatafuta njia. Imeshafika machoni, ndiyo maana anamwona mama yake. Ikifika masikioni...

— Funga mdomo, Kengele! alifoka Etete. Ndugu yake huyu hapa.

Nilimwita dereva. Bado watu wawili, alijibu.

— Tulia, Belachew, alisema Breki. Haraka haraka haina baraka. Kikombe cha tatu cha kahawa ndicho chenye baraka. Usiondoke kabla yake.

Mwanamke mmoja mwenye dumu tupu alikuwa ameketi pembeni, akingoja gari lilelile.

— Samahanini, baba zangu. Mama mkwe wangu humeza vidonge kama hivyo. Daktari alituonya: haviachwi kwa siku moja, hupunguzwa kidogo kidogo. Mgonjwa wenu alimeza cha mwisho lini?

— Jumapili asubuhi, alisema Breki.

— Ulikuwepo? aliuliza Etete.

— Haiwezekani, alisema Kengele. Jumapili mtu hali kitu kabla ya ibada. Jumamosi hiyo.

Wote walinigeukia. Wiki ile ya mwisho kabla hajaenda mlimani nilidhani mkewe ndiye anayempa vidonge. Asubuhi kwenye simu, mkewe naye alikuwa ameniuliza kama nilikuwa nikimpa mimi.

— Hospitali watauliza hilo kwanza, alisema yule mwanamke.

Nilimwambia dereva nitalipia viti vilivyobaki, na kwamba tutarudi na mgonjwa, moja kwa moja hospitali. Tukaondoka. Njiani mwanamke yule aliniuliza tena, kwa upole, siku ya kidonge cha mwisho. Nilijua siku aliyozaliwa kaka yangu, aliyobatizwa, aliyooa, na saa kiharusi kilipomwangusha. Siku hiyo moja sikuijua.