Mzee Twumasi, Tochi Yake na Ufa wa Kijani

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2014, Mzee Kwadwo Twumasi atafunga daftari lake la mwisho katika mahakama yetu hapa Kumasi, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Nimeketi meza ya jirani yake kwa miaka kumi na tisa, ndiyo maana nimepewa kazi ya kuandika haya, na tangu juzi sijatulia kwa furaha.

Alianza mwaka 1980 akiwa tarishi, akawa karani wa masijala, kisha karani wa madai. Kesi alizozipenda ni zile za madhara baina ya wenye nyumba na wapangaji: paa lililoezuliwa ili mtu ahame, mbuzi wa mwenye nyumba aliyetafuna nguo za harusi za mpangaji. Mahakama ilipokwenda kukagua nyumba yenye ugomvi, Mzee alitangulia na mkoba wenye futi, tochi na karanga za kukaanga. Karanga hakumgawia mtu. Mara moja ngazi iliyodaiwa kuwa imeoza ilivunjika yeye akiwa juu yake. Aliandika kumbukumbu akiwa chini palepale, kabla hajakubali kuinuliwa.

Lakini kesi iliyompa jina ni ile ya kinu, mwaka 1997. Nana Boatemaa, mwenye nyumba kule Bantama, alimshtaki mpangaji wake Akosua Dufie, mwuza fufu, chakula cha muhogo unaotwangwa kinuni, kwamba kutwanga kwake kila siku kumeupasua ukuta. Alitaka fidia, na Dufie atoke. Dufie alikuwa na watoto watatu na jiko moja, vyote katika ua ule. Akitolewa, wateja hawamfuati. Naye akadai kinu chake, ambacho Nana alikuwa amekitupa mtaroni kikapasuka.

Siku ya kwanza Mzee alisimama akamweleza Bi Hakimu Agbeko kwamba mdai ni mwenye nyumba wake yeye pia, anakaa ua uleule, chumba cha nne. Hakimu akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

“Pingamizi la nini?” Nana akasema. “Twumasi ni mwanangu huyu.”

Dufie alitazama chini. “Mimi namjua Mzee. Aandike tu.”

Tukaenda kukagua. Mzee akapiga goti mbele ya ukuta, akapima urefu wa ufa, akapima upana. Vipimo vilikuwa vya kweli na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuishia hapo. Akawasha tochi, akachungulia, akaandika. Kisha akasoma kwa sauti yale aliyoyaandika: ndani kabisa ya ufa mna rangi ya kijani.

“Twumasi,” Nana akasema polepole, “umeangalia vizuri?”

“Nimeangalia, Nana. Njoo nawe uone.”

Hakimu akachungulia mwenyewe, akauliza nyumba ilipakwa rangi lini. Nana hajawahi kuulizwa habari za rangi ile akakataa kujibu. Akajinyoosha. “Mwaka tisini na tatu, Mheshimiwa, kwa mazishi ya mama yangu. Niliipaka nyumba nzima kijani. Kumasi yote ilikuja.”

Dufie alihamia mwaka 1995. Wakili wa Nana akafumba macho, maana rangi iliyoingia ndani ya ufa iliukuta ufa upo.

Hukumu ikatoka, na mpaka leo naijua kwa moyo. Kutwanga chakula mchana katika nyumba ya wapangaji si kero kwa kutwanga tu. Anayedai ukuta wake umeharibiwa sharti aonyeshe kwamba aliyeuharibu ndiye huyo anayemshtaki. Dai likatupwa, Nana akaamriwa alipe kinu, na Dufie akabaki. Siku ile tuliimba masijala mpaka tukakemewa.

Hayo wengi mnayajua. Hili hamlijui, nami nimelijua juzi nilipofungua jalada la utumishi la Mzee ili niandike wasifu huu. Ndani mna fomu ya kubadili anwani, imejazwa siku ishirini na mbili baada ya hukumu. Nana alikitaka chumba chake. Mzee, mkewe na watoto wanne walihamia kwa shemeji yake kule Tafo, wakabanana chumba kimoja miaka miwili. Hakuwahi kutuambia, wala hakuwahi kuchelewa kazini.

Nilimfuata nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Akatafuna karanga kwanza. “Kile chumba kilikuwa kinavuja, dada.” Nilicheka, kisha nikarudi masijala nikalia kidogo, wala sioni haya kusema.

Kuanzia Jumatatu Mzee naye ni mwenye nyumba. Amejenga kule Ejisu, na chumba cha uani amempangisha binti wa Dufie, mwuza fufu kama mamaye. Mkataba nimeuona kwa macho yangu. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko tunaoufahamu sote, Mzee ameorodhesha nyufa zote za nyumba yake, urefu na upana, akatia sahihi kabla mpangaji hajaingiza hata kitanda.

Ahsante, Mzee wetu. Ukae kwako kwa amani na afya, asikutoe mtu. Na karanga, sasa tugawie.