Mama Karibu, Fundi wa Sare Aliyekataa Komeo

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kitinda mimba wa mama msusi na baba mchoma matofali. Walimpa jina zuri tu, lakini mtaa ulimbandika lake, Mama Karibu, na lile la wazazi likabaki kwenye vyeti.

Alisoma hadi darasa la nne. Hapo vita vikaingia mjini, shule ikageuzwa kambi ya askari na madawati yakawa kuni. Hakurudi tena darasani, na jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni.

Siku hizo waliogonga milango hawakuwa watu wa heri. Mama yake akapiga marufuku: "Sisi wa nyumbani hatusemi hodi, tunakohoa. Anayesema hodi ni mgeni, na mgeni hafunguliwi. Umenisikia?" Alisikia. Dada yake mkubwa, aliyekuwa ameolewa ng'ambo ya mto, hakuwepo kusikia.

Tarehe 14 Agosti 1971, mama akiwa kisimani, mtu alisimama mlangoni akasema hodi. Sauti aliijua. Lakini alikuwa mtoto msikivu, akajikunyata nyuma ya mtungi, kimya. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Dada naye alikuwa na adabu zake: tangu aolewe hakuingia kwa mama yake bila kukaribishwa, na asipoitikiwa mara tatu, huondoka. Mtoto alipochungulia kwenye ufa, aliona kitambaa cha kijani kichwani kikipinda kona. Dada hakuonekana tena. Mama yao hakumlaumu hata siku moja. "Ulinisikiliza mimi, mwanangu," alimwambia, lakini maneno hayo hayakumtuliza.

Mwaka 1978 alijifunza cherehani, akashona sare za shule hadi macho yalipochoka. Alishona mlango ukiwa wazi, mvua jua. Ulikuwa hujafumbua kinywa, "Karibu!" imeshakufikia. Walikaribishwa wateja, wapita njia, na siku moja mbuzi wa jirani, aliyekula kola mbili.

Mwenye nyumba alimleta seremala kijana aweke komeo. Alipomaliza, fundi cherehani akamwambia, "Sasa ling'oe."

"Dada, na wezi je?"

"Wezi hawapigi hodi."

Kijana alicheka, akaling'oa, na kesho yake akarudi bila kazi yoyote. Walioana tarehe 3 Desemba 1983. Mpaka leo mzee hulalamika kwamba ni seremala mzima na kwake hakuna mlango unaofungwa.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Hospitali walitaka kumlaza, akakataa katakata. "Akija akanikosa tena?" aliuliza. Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Mei 2024, kitandani kwake, kitanda alichokisogeza mwenyewe kikatazama barabara. Inatuuma kwamba alingoja maisha yake yote na hatukuweza kumletea hata habari.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Tulipoandika haya tulisita juu ya huyo dada, maana angekuwa na umri mkubwa sana sasa. Mume wa marehemu akasema, "Mwandikeni. Akija, asijikute hayumo."

Basi tumemwandika. Mama Karibu, pumzika kwa amani. Akipiga hodi, tutaitikia.