Ngwe ya Namba Tano

Mwangaluka, ndugu zangu. Nasikia wengine mmeitika kwa Kisukuma na wengine kwa namna ya makanisa yenu. Yote sawa, Mungu anasikia. Mwenyekiti ameniomba niseme na ninyi mlioachishwa kazi juzi, kwa sababu mimi niliachishwa kabla yenu. Sitataja jina la mtu. Wenzangu nitawaita kwa namba za jezi. Mimi nilikuwa namba tano, beki wa kati.

Timu yetu ilikuwa ya kiwanda cha kuchambua pamba, hapahapa Bariadi. Enzi zile mtu aliajiriwa kwa miguu yake. Namba moja, kipa wetu, aliandikwa mlinzi wa ghala, na mlango wa ghala hakuujua ulipo. Namba mbili na namba tatu, mabeki wa pembeni, walikuwa wapakiaji wa marobota ya pamba. Mimi eti fundi msaidizi, na spana nilikuwa naishika siku wageni wakija! Tukienda kucheza Malampaka tulipanda lori la pamba, tukalala juu ya marobota tukiimba. Mbele tulikuwa na namba tisa, mfupi, mbishi, mpira ukimfika mguuni ujue kipa wao anaokota wavuni. Kushoto namba kumi na moja, anakimbia jezi imemtoka kwenye bukta, refa anamfokea kila mechi.

Mimi waliniita Ukuta. Nilipokwenda kuposa kijiji cha Shishiyu, baba mkwe alinipunguzia ng'ombe wa mahari kwa sababu ya jina hilo. Akasema binti yake anakwenda mahali pa kuegemea.

Halafu ikaja ruksa ya kila mtu kununua pamba. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani yao, pamba ikaenda kwao, mashine zetu zikanyamaza. Kiwanda kikaivunja timu kwanza, kisha kikatuambia na sisi twende nyumbani. Akatokea tajiri mmoja wa pamba, akasema anataka timu. Tukafurahi! Akaja uwanjani jioni moja, akatutazama tukicheza, akaondoka na namba saba, nane, tisa, kumi na kumi na moja. Akasema watu wanalipa kiingilio waone magoli. Soko huria, ndugu zangu, lilinunua washambuliaji likatuacha mabeki. Chekeni tu. Siku ile mimi sikucheka.

Nikarudi kijijini Migato na mke wangu na mtoto, kwenye shamba aliloniachia marehemu baba. Mke wangu akapanda pamba na mahindi. Mimi nikakaa ndani. Nawaambia ukweli, sikuwa na homa, sikunywa pombe, nilikaa tu. Nilisikia watu wakipita njiani nikanyamaza wasijue nipo. Kuna asubuhi nilijiuliza kama mtu anaweza kuisha huku bado anapumua. Nilikuwa na huzuni kubwa, na huzuni ile ilikuwa na aibu ndani yake, kwa sababu mwanaume wa kwetu akiulizwa anaumwa wapi ni lazima aonyeshe mahali.

Mvua zikanyesha vizuri, na magugu nayo yakaja vizuri. Mke wangu peke yake, mtoto mgongoni, asingeweza kulimaliza shamba lile. Ndipo baba mkwe akafika kutoka Shishiyu. Hakupaza sauti. Alikunywa maji, akaniambia, "Baba, mimi niliozesha kwa Ukuta. Sijauona. Nitarudi palizi ikiisha. Nikikuta shamba limemezwa na magugu, nitaondoka na binti yangu na mjukuu wangu, na ng'ombe wako utarudishiwa."

Hata hapo sikuinuka. Ndiyo maana nawaambia msimcheke mtu aliyekaa ndani, maana miguu inagoma.

Sasa sikilizeni. Mke wangu, bila kuniambia, alimtumia salamu namba moja. Asubuhi moja nikasikia sauti nene nje ikimsalimu mke wangu: "Mwangaluka, mayu." Nikamtambua kipa wangu. Alikuja na namba mbili, namba tatu, namba nne na namba sita, kila mtu na jembe lake begani. Waliobaki bila kununuliwa walikuwa wamejifanya kikundi cha kulima, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kama walivyofanya babu zetu. Wakajipanga mstari mmoja, kila mtu na ngwe yake, kipande chake cha shamba kutoka mwanzo hadi mwisho, wakaanza kupalilia.

Nilichungulia dirishani. Walikwenda sambamba kabisa. Lakini katikati ya namba nne na namba sita waliacha ngwe nzima. Shamba likawa safi huku na safi huku, na katikati magugu yamesimama upana wa mtu mmoja. Watu wa njiani wakasimama wakacheka. Nikaona nimedhalilishwa mbele ya kijiji. Nikatoka! Sijui nilivaa nini.

"Mmekuja kunitangaza?" nikamwuliza namba moja.

Akaniangalia. "Ngwe ya mgonjwa tunailima wenyewe," akasema. "Ngwe ya marehemu tunagawana. Hii ni ya mtu tunayemngoja. Sasa wewe tuambie tufanye lipi."

Nikageuka. Mke wangu alikuwa amesimama na jembe langu, sijui alikuwa amelishika tangu saa ngapi. Nikalichukua. Wenzangu wakaenda kukaa ng'ambo, mwisho wa shamba, wakinywa togwa, hakuna aliyenisaidia wala kunihimiza. Viganja vikatoka malengelenge, vikapasuka. Katikati ya ngwe nikalia, ndugu zangu, nikalia nikiwa napalilia, na namba mbili akaanzisha ule wimbo wetu wa kwenye marobota. Nilipofika mwisho, kipa akasema, "Umechelewa. Kesho tuko kwa namba tatu."

Nikaenda kwa namba tatu.

Baba mkwe alirudi kama alivyoahidi. Akalizunguka shamba mikono mgongoni, akala ugali, akaaga. Aliondoka peke yake.

Timu tukaifufua kwa jasho la majembe, mabeki watupu. Kila mechi suluhu bila goli, mpaka watazamaji wakatuomba japo tufungwe wapate cha kusimulia! Leo tuna namba tisa wetu wa kuzaliwa Migato, anajitahidi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyetuma salamu mimi nikiwa bubu. Nawashukuru wenzangu wa nyuma, mwabeja sana. Ninachowaachia ni hiki: soko litakupima kwa mizani yake na litakuacha, hilo huwezi kulizuia. Ila mwenzenu akikosekana kwenye mstari, msisogeleane kuziba nafasi yake.

Mwenzenu mmoja mliyeachishwa naye hakuja leo. Simtaji. Mke wake amekaa humu ndani, naye ndiye aliyetutumia salamu safari hii. Mama, kesho asubuhi tunaingia shambani kwako na majembe. Ukiona tumeruka ngwe moja, usituite. Muite yeye.