Kiti cha Shemeji

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya duka la mbao na ukuta wa shule ya chekechea, na mguu wake mmoja ni tofali. Asubuhi hiyo hakuna aliyelikalia. Tulisimama wote, vikombe vya kahawa mkononi, tumeizunguka pikipiki ya Kufuli. Kufuli ni fundi wa kufuli na funguo, na pikipiki yake ni ile ya spoti, nyekundu, ambayo mwendeshaji analala kifudifudi juu ya tangi na mkia umebinuka hewani. Aliinunua ikiwa mkweche, akaifufua kwa miaka miwili. Saa nne kamili alikuwa anaondoka na mkewe, siku saba, barabara ya milimani mpaka ziwani na kurudi, kutazama nchi tu, hakuna kingine. Watoto wako kwa bibi yao. Safari hiyo alimwahidi mkewe mwaka waliooana, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Mara ya kwanza mvua, mara ya pili msiba, mara ya tatu Kufuli alipitiwa na usingizi. Juzi shemeji, ambaye ni muuguzi na likizo yenyewe kaipata kwa mbinde, akamwambia: "Na hii ikishindikana, napanda basi nakwenda kwa dada yangu, na kurudi nitarudi nikijisikia." Kufuli alitusimulia hayo amenywea kweli kweli, na sisi, watu wa huruma, tukaamua kumsaidia. Laiti tungekunywa kahawa yetu tukanyamaza.

Aliyeanza ni Injinia. Injinia anatengeneza feni. Ukimpelekea feni inayopuliza mbele, anakurudishia inayopuliza nyuma.

Injinia: Cheni umeitia mafuta?

Kufuli: Jana.

Injinia: Tairi?

Kufuli: Mpya zote mbili. Breki nimebadilisha, oili nimemwaga nikaweka nyingine, tangi limejaa. Namsubiri mke wangu tu.

Injinia: Hapo ndipo wengi wanapochemsha. Pikipiki umeiandaa. Mke je?

Kufuli: Ana koti, ana helmeti, ana buti.

Injinia: Na maji? Huko milimani atakunywa nini?

Kufuli: Si tutanunua njiani?

Injinia: Msikieni huyu! Ukute duka limefungwa, utamwambia mkeo alambe kioo cha pembeni?

Injinia akaenda kwake, akarudi na dumu la lita kumi limejaa, anahema. Hapo Rubani akaona anaachwa nyuma. Rubani anaendesha lifti kwenye jengo la ofisi la ghorofa sita. Miaka kumi na tisa yuko safarini na hajafika popote.

Rubani: Mimi nabeba abiria kila siku ya Mungu, kwa hiyo nisikilizeni. Abiria hasumbuliwi na kiu. Abiria anasumbuliwa na kusimama.

Kufuli: Sasa kwenye pikipiki atasimama wapi?

Rubani: Mkifika kule juu. Ziwa lote liko chini yenu. Unazima pikipiki, unamwambia, "Mke wangu, tazama." Atatazama amesimama? Miguu ile ya muuguzi, inayosimama wodini saa kumi na mbili?

Mimi: Jamani, Rubani leo kaongea.

Rubani: Shemeji anahitaji kiti cha kukunja.

Jengo lake liko ng'ambo ya barabara. Akavuka, akarudi na kiti cha kukunja kwapani, kiti cha chuma, kizito, kimeandikwa ULINZI mgongoni.

Kufuli: Hiki si cha mlinzi wenu? Akikiulizia?

Rubani: Mlinzi kazi yake kusimama.

Basi ikawa mashindano. Injinia akaleta jiko la mafuta ya taa na birika, ili shemeji apate chai ya moto kwenye baridi. Rubani akaleta mto. Mimi nashona viatu, wananiita Gundi, nami sikutaka kuonekana bahili, nikaleta turubai langu la kuzuia mvua, lile linalonifunika mimi na meza na viatu vya wateja. Tukapata na kreti la soda la kupangia vitu vyote hivyo. Kufuli akaanza kukuna kichwa.

Kufuli: Si utakuwa mzigo mkubwa nyuma?

Injinia: Nyuma ndipo unapotakiwa. Pikipiki ya spoti ikipanda mlima inainua pua. Uzito wa nyuma unaiteremsha.

Kufuli: Mimi nilidhani uzito wa nyuma ndio unaoinua pua.

Injinia: Hiyo ni kwenye tambarare.

Rubani: Anasema kweli. Lifti yangu inapanda kwa sababu kuna chuma kizito kinashuka upande wa pili.

Kufuli: Sasa mimi chuma changu kitashukia wapi?

Rubani: Ayaa, hayo ya ufundi muulize Injinia.

Injinia akasema tusipoteze muda. Tukaweka kreti, likateleza. Tukaliweka tena, likateleza tena, maana pikipiki ile mkia wake umeinama mbele na kiti cha nyuma ni kidogo, kimevimba, hakishiki kitu. Hapa ndipo nilipoingia mimi, na najuta mpaka leo.

Mimi: Kinachotusumbua ni hiki kiti.

Injinia: Kitoe.

Kufuli: Kinatoka?

Mimi: Nati mbili tu, ndugu yangu.

Nikishika spana sisikii la mtu. Nikafungua, nikakivuta, nikakitupa kwenye benchi. Kreti likakaa pale likatulia. Dumu ndani, jiko, birika, mto, turubai limefunika, na juu kabisa kiti cha mlinzi, tukakaza kwa mipira ya baiskeli mpaka ikalia. Wanaume wanne, watu wazima, tuna ndevu na familia, na hakuna hata mmoja aliyeona tulichofanya. Kufuli alizunguka pikipiki yake mara mbili.

Kufuli: Jamani. Sikujua mnampenda shemeji yenu kiasi hiki.

Injinia: Kwake hatuna mchezo.

Saa nne kasorobo shemeji akatokea kona ya duka la mbao. Koti limefungwa mpaka shingoni, helmeti mkononi, buti zinang'aa, soli nilimwekea mimi mwenyewe wiki ile. Alikuwa anacheka peke yake njia nzima. Miaka yote namfahamu, sijawahi kumwona vile.

Shemeji: Hamjambo shemeji zangu!

Sisi: Hatujambo shemeji! Karibu, karibu!

Shemeji: Na huu mlima?

Injinia: Wote wako! Lile dumu ni maji yako.

Mimi: Turubai lako, mvua ikinyesha.

Rubani: Na hiki kiti chako, cha kutazamia ziwa. Ukifika kule juu unakaa, unastarehe.

Akakishika kile kiti, akakitikisa, hakikutikisika.

Shemeji: Kizuri. Ahsanteni sana. Na mpaka kufika huko juu, nakaa wapi?

Mimi nikachungulia kikombe changu, kilikuwa kitupu zamani. Nyuma ya ukuta watoto wa chekechea walikuwa wanahesabu moja mpaka kumi. Wakafika kumi, wakaanza upya, na sisi bado.

Injinia: Kitaalamu, shemeji, ukikunja miguu ukapanda juu ya kreti...

Shemeji: Injinia.

Injinia: Nimenyamaza.

Kufuli: Mke wangu, vyote hivi ni vyako. Naapa, humo hakuna hata kimoja changu.

Shemeji: Naona. Mmeniwaza sana. Mmeniwaza mpaka mkanitoa.

Hakupaza sauti. Angetutukana ningeshukuru. Akatazama barabara ya kwenda stendi ya mabasi, akahamisha helmeti toka mkono huu kwenda mkono ule.

Kufuli akaigeukia pikipiki. Alivuta mpira wa kwanza, ukamchapa kidole, akavuta wa pili. Kiti cha mlinzi kikaanguka, kreti likapinduka, birika likabiringika barabarani, dumu likapasuka miguuni kwa Injinia, na Injinia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutoa maelezo. Nikaokota kiti cha nyuma pale benchini, nikakifuta kwa shati langu, nikataka kukifunga. Kufuli akaninyang'anya spana.

Kufuli: Kaa mbali na pikipiki yangu.

Nati moja ikamponyoka, tukapiga magoti wote kwenye lile tope la maji ya Injinia tukaitafuta, shemeji kasimama juu yetu anatutazama. Rubani ndiye aliyeiona. Kufuli akaifunga, akakaza, akakaza tena, akakibinya kiti kwa viganja viwili, halafu akamwangalia mkewe. Shemeji akavaa helmeti. Akapanda, akajiweka sawa, akamshika mumewe kiunoni.

Rubani yule, hafundishiki, akakimbia na kiti cha mlinzi mikononi.

Rubani: Shemeji, sasa kule juu utakaa wapi?

Shemeji: Nimekaa miaka kumi na moja, Rubani. Leo nataka kwenda.