Mara Kumi au Mara Nne

Raissa wa Bugendana alikuwa anakwenda Muyinga, ambako kesho yake angekimbia mita elfu moja na mia tano. Mbele yake kwenye basi, papa mmoja muuza vitenge alikuwa anamsifu binti yake mkimbiaji: "Mi namukimbiza mita mia nne mara kumi, zote mbio kabisa."

Mama aliyekaa kando ya papa huyo akacheka. "Papa, unamuchosha mutoto. Mara nne inatosha, kwa mwendo wa mashindano, na apumuzike katikati."

"Non, mama, mara nne iko ya kuamsha damu tu."

"Ndiyo maana binti yako anafika kwa mashindano amelala," mama akajibu.

Raissa aliona haya kuwauliza. Jana yeye alikimbia umbali kama huo mara saba, akifuata baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi, tena kwenye mteremko. Basi likasimama Muyinga. Alipoinuka mapaja yakamuuma, asijue kama alizidisha au alipunguza.