Mama Akeno Lokorio: Miaka Thelathini na Mmoja, na Matairi Aliyoyakataa

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Akeno Lokorio anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Uchukuzi ya Nyika kwa miaka thelathini na mmoja na siku kumi na tisa. Siku hizo kumi na tisa amezihesabu mwenyewe. Nilipomwambia kwamba kwenye programu ya sherehe tutaandika miaka thelathini na mmoja tu, alinijibu kwamba yeye alifanya kazi siku hizo pia.

Aliingia gereji yetu ya Lodwar mwezi Juni 1994 akitokea kwao Lokiriama, akaajiriwa kupika chai ya mafundi. Chai ilikuwa saa nne na saa kumi, na katikati hakukuwa na kazi, kwa hiyo akawa anakaa karibu na mafundi wa matairi akiangalia. Mwaka wa pili alikuwa anavua tairi la lori kwenye rimu kwa vyuma viwili na nyundo, haraka kuliko wanaume wawili. Mwaka wa nne walimpa ovaroli. Mwaka wa kumi na moja akawa mkuu wa kitengo cha matairi, na mtu mwingine akatafutwa wa kupika chai.

Wazee wa kampuni bado wanasimulia safari ya Kaikor ya mwaka 1999. Lori lililobeba vitabu vya shule lilipasua matairi mawili, na la akiba lilikuwa moja. Mama Akeno, aliyekuwa amepanda kama msaidizi, aliomba ukanda wa ngozi kwa wafugaji waliokuwa wakinywesha mbuzi, akatoboa ubavu wa tairi kwa msumari, akalishona kama mtu anavyoshona ngozi ya kulalia, akatia ndani kipande cha tairi kuukuu na kujaza upepo nusu. Waliingia Kaikor kwa mwendo wa punda, lakini waliingia, na hakuna kitabu kilichopotea. Dereva alitaka kuliacha tairi hilo pale pale. Mama alirudi nalo Lodwar ili aone mshono ulivyovumilia.

Mimi, Mutua, nilijiunga na kitengo chake mwaka 2012. Yote ninayoyajua juu ya matairi alinifundisha yeye.

Mwaka 2014 kampuni ilianzisha Siku ya Uwanja. Madereva wetu walikuwa wamezoea mchanga na mawe, na barabara nzuri ilipofika wakaanza kupinduka. Basi mara mbili kwa mwaka tulifunga uwanja wa zamani wa ndege ulio kati ya Kakuma na Kalobeyei, tukapanga mapipa kuonyesha kona, na madereva wakajifunza kukimbiza gari na kulidhibiti mahali pasipo na mtoto wala mbuzi. Baadaye wenye magari madogo wa Lodwar wakaomba kushiriki. Wakaja walimu, wauguzi, maofisa, kila mmoja na gari lake na maringo yake.

Hapo ndipo Mama Akeno alipong'ara. Hakuna gari lililoingia uwanjani kabla yeye hajalizunguka. Aliwafundisha watu kwamba rimu kubwa si lazima iwe rimu bora. Kwamba rimu ndogo, nyepesi, yenye tairi la ubavu mnene kidogo, inastahimili kingo mbovu za lami yetu. Aliwafundisha kusoma tarakimu nne za ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, ili wajue tairi limezaliwa lini. Aliwapunguzia upepo kabla ya kuanza, kwa sababu kwa joto la Turkana unapanda wenyewe, na baada ya mizunguko mitatu aliwaita wote wapimwe upya na nati zikazwe tena. Alichora mstari wa chaki kwenye bega la tairi, na gari likirudi, chaki ilimwonyesha tairi limelala kiasi gani kwenye kona. Ofisa mmoja alifika na rimu zinazong'aa kama sahani za harusi. Mama alizitazama, akamuuliza, "Bwana, wewe unaenda kuangaliwa ama unaenda kukata kona?" Watu walicheka, ofisa akacheka pia, akakubali kuazimwa magurudumu ya kawaida. Siku ile ofisa huyo hakushindwa na yeyote kwenye kona.

Kwa miaka mitano, chini ya macho yake, hakuna mtu aliyeumia uwanjani.

Ofisi iliniomba kurasa mbili za furaha. Ningeweza kuruka hadi kwenye shukrani. Lakini mwaka 2019 upo, na Mama Akeno hakuweza kuuruka.

Februari mwaka huo walitarajiwa wageni wa kufadhili Siku ya Uwanja. Meneja wetu wa wakati huo alitaka gari dogo la kampuni lipendeze, akaleta kutoka Nairobi magurudumu manne ya inchi kumi na tisa, yaliyokwishatumika, na matairi yake ya ubavu mwembamba yakiwa yamevishwa tayari. Matairi yalikuwa na meno mazuri. Mtu asiyejua angeyaita mapya. Mama aliinama, akasoma tarakimu: 3010. Wiki ya thelathini, mwaka 2010. Akabonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha haukuingia; mpira ulikuwa umekauka. Karibu na rimu palikuwa na nyufa ndogo kama za kisigino.

"Hii tairi ni mzee," alimwambia meneja mbele yetu. "Iko sawa na mjukuu yangu ya darasa la tatu. Kwa barabara ya sokoni, pole pole, labda. Kwa uwanja, hapana."

"Mama, wewe funga tu nati," meneja alisema. "Kuchagua tumeshachagua."

"Kama ni kufunga, mimi sifungi."

Aliweka spana chini na kusimama kando, mikono nyuma. Dereva aliyepangiwa gari hilo alikuwa Mawien, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, dereva bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Mama alimgeukia. "Mawien, usiendeshe hii."

"Mama, mimi nitaenda polepole," alisema Mawien, akimtazama meneja. "Wageni wakiona tu, narudi."

Meneja akauliza nani atafunga magurudumu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi Machi na mke wangu alikuwa mjamzito. Niliiokota spana. Nilifunga nati zote ishirini, nikazikaza kwa mpangilio wa nyota kama Mama alivyonifundisha, na muda wote huo sikuinua uso.

Mzunguko wa kwanza Mawien alikwenda polepole. Wageni wakapiga makofi, meneja akamwonyesha kwa mkono aongeze. Mzunguko wa tatu, kwenye kona ya mwisho, tairi la mbele la kushoto likavua ngozi yake yote kwa mara moja. Gari likazunguka, likagonga kwa upande wa dereva pipa lililojaa kokoto. Aliyefika wa kwanza alikuwa Mama Akeno, mwanamke wa miaka hamsini na minne, akikimbia kwa ovaroli. Alimfunga Mawien paja kwa mshipi wake, na madaktari walisema baadaye kwamba mshipi huo ndio uliomwokoa. Mguu wa kulia haukuokolewa. Ulikatwa chini ya goti.

Watu wawili walitumwa kutoka makao makuu kuchunguza. Waliniita ofisini. "Siku hiyo, mkuu wa kitengo cha matairi alikuwa nani?"

"Mama Akeno," nilisema.

Hawakuniuliza nani alifunga. Hawakuniuliza nani alikataa. Nami sikusema. Ripoti iliandika "uzembe wa kitengo," na Mama akaondolewa Lodwar, akapelekwa tawi la Kakuma kuandika nambari za magari yanayoingia na kutoka langoni. Aliyepewa nafasi yake ni mimi. Meneja alihamishwa Nairobi, kwenye cheo kikubwa zaidi.

Mawien alikaa hospitalini miezi saba. Alipotoka aliandika barua kwa ofisi yetu, ukurasa mmoja, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Mama alikataa, na mimi nilisikia." Barua hiyo ipo kwenye faili. Haikujibiwa.

Kwa miaka sita Mama Akeno alikaa langoni. Hakuchelewa hata asubuhi moja. Siku ya Uwanja ilifufuliwa mwaka 2022, na mimi, mkuu wa matairi, kila nilipokwama nilipanda gari kwenda Kakuma kumuuliza yule aliyeondolewa kwenye kazi ambayo sasa ni yangu. Nilisimama dirishani pake na kumsalimu kwa Kiturkana, "Ejok, Mama," naye akajibu, "Ejok noi," kama anavyomjibu kila dereva. Nikamweleza uzito wa gari, upana wa rimu, joto la siku. Alinijibu kikamilifu. Hajawahi kunipa jibu nusu. Wala hajawahi kuniambia keti.

Wiki mbili zilizopita ofisi ilinionyesha cheti atakachopewa leo. Kimeandikwa kwamba anastaafu kama Mlinzi wa Lango. Nikauliza kama kinaweza kubadilishwa, nikaambiwa cheti hufuata cheo cha mwisho. Jioni hiyo niliandika maelezo yangu ya mwaka 2019, yote, pamoja na nani aliokota spana. Niliyapeleka kwa mkono na kuomba uchunguzi ufunguliwe upya. Nakala yangu imegongwa muhuri: imepokelewa. Hadi ninapoandika haya, muhuri huo ndio jibu pekee nililopata.

Kisha nikaenda Kakuma. Mawien alikuwepo, amekaa kwenye kiti pembeni ya lango, magongo yameegemea ukuta. Siku hizi ana duka la kutengeneza simu Kalobeyei, na kila Alhamisi huja kunywa chai na Mama. Nilimwomba Mama radhi, nikamwambia nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake, na kwamba nataka kuandika ukweli. Alifunga daftari la magari kwanza.

"Ulikuwa unangoja nistaafu?"

Mawien alitazama barabarani.

"Andika," Mama alisema. "Andika nilikuwa najua kazi. Lakini usiandike nimekusamehe. Hiyo mimi sijasema."

Nimeandika kama alivyotaka. Mama Akeno Lokorio alikuwa anajua kazi. Aliijua kuliko meneja, kuliko wachunguzi, kuliko mimi niliyekalia kiti chake. Mimi najua, Mawien anajua, na sasa kila aliyeshika karatasi hii anajua.

Mama, kwa niaba ya madereva waliofika nyumbani salama bila kujua ni kwa sababu yako, asante. Kwa niaba yangu sina shukrani inayotosha, na radhi nimeshakuomba bila kupewa, ambayo ni haki yako. Unarudi Lokiriama kwa watoto na wajukuu wako. Mvua ikukute huko, mifugo yako iongezeke, na usingizi wako uwe mtamu. Tunakutakia heri ambayo sisi hapa tulishindwa kukupa.

Mutua
Mkuu wa Kitengo cha Matairi, Lodwar