Ilona Szabados Pruszynski na Kazi Iliyokataa Kufa Simu Ilipokatwa

Naweka dau ngazi yangu ya futi arobaini, ile ambayo nusu yenu mmeshaiazima kwangu: hakuna hata mmoja humu kanisani atakayeyaamini ninayosoma. Siku nyingine huwa naongeza chumvi. Leo hapana, kasisi ananitazama. Karatasi hii nimeiandika mwenyewe kwa mkono wangu. Márta, binti wa marehemu, amerekebisha tahajia tu, na mahali pawili aliharibu ikabidi nirudishe.

Marehemu dada yetu Ilona alizaliwa tarehe 3 Juni 1948 mjini Győr, Hungaria, mtoto wa kwanza wa Bwana Kálmán Szabados, fundi wa reli, na Bi Erzsébet. Mimi, Géza, nilikuja miaka minne baadaye, na sura nzuri ndipo ilipoingia kwenye familia. Novemba 1956 Mama alituvusha mpaka wa Austria kwa miguu. Baba alibaki nyuma na hatukumwona tena. Januari 1957 tulifikia kambi ya wakimbizi ya Kilmer, Marekani, na kabla majani hayajachipua tukawa na vyumba viwili hapa New Brunswick, mtaa wa Somerset. Ilona alinishika ukosi wa koti tangu Austria, na wanaotujua wanajua hakuuachia mpaka nilipooa.

Mama alifariki Aprili 1961. Tulichukuliwa na Rózsi néni, yaani shangazi Rózsi kwa Kihungaria, jirani wa ghorofa ya chini, mjane aliyekuwa tayari na watoto wanne wa watu wengine mezani kwake. Hakuuliza hata tunakula nini. Alisogeza viti tu. Mkumbukeni huyo, maana Ilona alimpeleka mpaka ndani ya kompyuta, na hapo sitanii.

Kuhusu shule: mimi shule ilinichoka darasa la tisa. Ilona alimaliza sekondari mwaka 1966, wa tatu kati ya mia mbili na kumi. Alikuwa awe wa kwanza, ila mwalimu wa hesabu alikosea swali ubaoni, naye akamwambia mbele ya darasa zima. Chuo hakwenda. Rózsi néni alikuwa ameanza kuugua miguu, na nyumba ilihitaji mtu anayeleta mkate.

Mkate wenyewe ukamletea mume. Walt Pruszynski alikuwa akiendesha gari la kugawa mikate ya duka la Wapolandi, na kila Jumamosi alikuwa "anasahau" mkate mmoja mlangoni kwetu. Baada ya miezi minane Ilona akamsubiri kizingitini. "We kaka," akamwambia, "huo usahaulifu wako ni ugonjwa au una nia?" Walt akasema ana nia. Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1974, hapa hapa, wakapata Márta na Stephen. Walt alitangulia mwaka 2009. Alikuwa mtu mpole. Kwenye familia yetu ilibidi mmoja awe hivyo.

Sasa kazi. Alianza 1968 kwenye kampuni ya bima, akitoboa kadi za kompyuta. Mwaka 1979 akaajiriwa kwenye chumba cha kompyuta cha chuo. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kubadilisha kanda na kuchana karatasi za printa. Mle ndani kulikuwa na mashine moja kubwa na watu mia wakiitumia kwa pamoja, kila mtu kwenye terminali yake, yaani skrini na kibodi visivyo na akili yao wenyewe, na wengine wakiingia kutoka majumbani kwa simu, kupitia vile visanduku vinavyopiga filimbi. Kila asubuhi, kabla hajavua koti, Ilona alikuwa akitoa orodha ya kila kitu kinachotembea ndani ya mashine ile na kuisoma na kahawa yake kama watu wanavyosoma matangazo ya vifo. Hakutumwa na mtu. Ilikuwa tabia yake.

Februari 1992 kulikuwa na profesa, Bwana Hallam Prewitt, aliyekuwa na hesabu ya mto wetu Raritan, maji yatapanda kiasi gani mvua kubwa ikija. Mashine ilihitaji saa sabini kuimaliza. Aliianzisha mara tatu kutoka nyumbani kwake, na mara tatu ikafa katikati. Mara zote tatu ilikufa saa tatu na dakika chache asubuhi, na mara zote tatu aliyekuwa zamu ni Ilona.

Mkubwa wa chumba aliitwa Rudy Tancredi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwoga. Jumanne tarehe 3 Machi alimwita Ilona akamsomea barua: yeye, Ilona Pruszynski, anakiri kwamba aliiua kazi ya profesa kwa uzembe, mara tatu, na anakubali kuhamishiwa stoo ya karatasi.

"Saini tu hapa chini, Ilona," akamwambia. "Stoo kuna joto. Hakuna wa kukusumbua."

"Sijaiua, Rudy."

"Najua hukukusudia."

"Sikusema sikukusudia. Nimesema sijaiua."

Miaka kumi na tatu pale, na jina lake linakwenda kuandikwa hivyo. Akaomba mpaka kesho yake. Alikuja nayo nyumbani kwake, nami nikiwepo, akaiweka mezani jikoni, akala kabichi yake, akaosha vyombo, kisha akafungua daftari.

Nikamuuliza, kwani hiyo kazi inakufaje kama hakuna anayeiua. Nawapa jibu lake kama lilivyo, maana nimelikariri, na kwa darasa langu la tisa nalielewa kuliko maprofesa wawili ninaowaona safu ya tatu.

"Sikiliza, we kichwa cha lami," akasema. Mimi ni fundi paa, ndiyo heshima niliyokuwa nikipewa. "Kila kinachotembea mle ndani tunakiita mchakato. Kila mchakato una mzazi. Ukiingia kwenye mashine, kuna programu moja inakupokea mlangoni. Hiyo ndiyo kiongozi wa kikao chako. Vyote utakavyovianzisha baada ya hapo ni wanawe na wajukuu, wote kikao kimoja, na kikao kizima kina terminali moja inayokitawala. Laini ya simu ikikatika, terminali imekufa. Kiongozi anapewa habari, anawapasha wenzake, wanaondoka wote."

"Si ulisema profesa aliiweka kazi yake nyuma, isimsumbue kwenye skrini?"

"Ndiyo, na anadhani ameitoa nje. Ameihamisha sebuleni akaipeleka jikoni. Nyumba ni ile ile."

Asubuhi, Jumatano, akapiga simu kwa profesa akijua atakuwa ameshaondoka. Akapokea mkewe. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepewa kazi ya kuziba paa la chumba kile kile cha kompyuta, na kama mnataka kujua, halijavuja tena mpaka leo.

"Samahani, Bi Prewitt," Ilona akauliza, "asubuhi huwa unampigia mtu simu?"

"Dada yangu. Kila siku saa tatu. Ana upweke, maskini."

"Na simu inakuwaje ukiinyanyua?"

"Siku nyingine inakoroma kama paka amekanyagwa. Naiweka chini, nanyanyua tena, inapona."

Ilona akamshukuru, akamwambia amsalimie dada yake. Kile kilichokoroma kilikuwa kisanduku cha profesa, kimeachwa wazi tangu jioni yake, kinashikilia terminali iliyoshikilia kikao kilichoshikilia saa sabini za mto Raritan. Na mama wa watu anataka tu kumjulia hali dada yake.

Wangekuwa watu wengine, hadithi ingeishia hapo. Lakini Tancredi alisema hayo ni maneno, na profesa alisema mkewe hajui hata kuwasha kompyuta, atawezaje kuizima. Ilona akawakalisha wote wawili. Akaingia kwenye mashine kwa simu ya meza ya pembeni, akaianzisha hesabu ya profesa mara mbili. Ya kwanza kwa njia ya profesa, imewekwa nyuma. Ya pili kwa programu yake mwenyewe aliyoiandika jikoni, mistari kumi na mmoja. Programu hiyo inazaa mtoto, mzazi anaondoka. Mtoto anafungua kikao chake kipya kisicho na terminali. Kisha naye anazaa na kuondoka, na mjukuu ndiye anayefanya kazi.

"Kwa nini mjukuu?" Tancredi akauliza. "Mtoto si ameshatoka?"

"Mtoto ni kiongozi wa kikao kipya. Kiongozi akigusa terminali yoyote kwa bahati mbaya, inaweza kumshika ikamtawala. Mjukuu si kiongozi. Hashikiki."

Ilikuwa saa nne kamili. Akamgeukia profesa. "Chagua wakati, bwana. Chomoa mwenyewe."

Profesa alingoja robo saa nzima, akidhani anamvizia, kisha akachomoa waya wa simu ukutani. Ilona akaenda kwenye terminali kuu, akatoa orodha. Hesabu ya kwanza haikuwepo. Ya pili ilikuwepo, inatembea. Mahali pa jina la terminali palikuwa na alama ya kuuliza, maana yake haina, na mahali pa mzazi palikuwa na namba moja.

"Namba moja ni nani?" profesa akauliza.

"Ni mchakato wa kwanza kabisa, mashine ikiwaka. Ukifiwa na mzazi wako mle ndani, namba moja anakuchukua." Akanitazama mimi juu ya ngazi. "Géza, namba moja ni nani?"

"Rózsi néni," nikasema.

Lakini profesa naye si mjinga. Akasema kazi kuishi robo saa si kuishi saa sabini. Tancredi akasema barua itabaki mezani mpaka Jumamosi saa mbili asubuhi. Ikifa kabla, Ilona anasaini.

Siku tatu hizo zilikuwa ndefu. Alhamisi profesa alikuja akakaa kwenye terminali akibonyeza vitufe vya kukatiza kama anayefukuza kuku. Hakuna kilichotokea. Vitufe hivyo vinapeleka ishara kwa walio mbele kwenye terminali ile tu, na mjukuu wa Ilona hakuwa mbele ya terminali yoyote duniani. Ijumaa Tancredi mwenyewe alikuja mara nne kuangalia orodha, na mara ya nne alimletea Ilona kahawa. Ilona siku hizo hakuigusa hata orodha yake ya asubuhi. Alibadilisha kanda zake.

Jumamosi tarehe 7 Machi, saa mbili kasoro dakika nne, printa ikaanza kulia. Kurasa thelathini na moja za mto Raritan. Profesa akazisoma akiwa amesimama, akasahau tulikuwepo. Tancredi akaichukua barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akasema, "Hiyo programu yako, Ilona, inaitwaje?" Ilona akasema haina jina. Tancredi akaiandikia jina mwenyewe. Akaiita ilona. Kwa miaka kumi na moja, mpaka mashine ile ilipoondolewa 2003, kila mtu chuoni aliyetaka kazi yake iishi baada ya yeye kukata simu aliandika kwanza jina la dada yangu. Wapo humu ndani wenye shahada tatu waliozipata hivyo. Nawaona.

Mwaka huo huo wa 1992 akapandishwa kuwa msimamizi wa mifumo, wa kwanza pale asiye na cheti cha chuo. Vijana wote wa chumba kile walimwita Ilona néni, hata wa kutoka Korea na Bengali. Alistaafu tarehe 30 Juni 2011.

Novemba 2016 figo zake zilianza kuchoka. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na hata pale hakuacha tabia yake. Alimuuliza muuguzi, "Mrija huu ukichomoka, nani anapewa habari kwanza?" Muuguzi akasema ni yeye. "Na wewe unawaambia wengine?" Akasema ndiyo. "Basi kiongozi ni wewe," Ilona akamwambia, "usiende mbali." Alivumilia miaka miwili na zaidi na hakulalamika, isipokuwa chakula, na hapo alikuwa na haki.

Alifariki nyumbani kwake mtaa wa Somerset, Jumamosi tarehe 9 Februari 2019, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini. Márta alikuwa amemshika mkono wa kulia. Mimi nilikuwa nimeshika ukosi wa gauni lake la kulalia, sijui kwa nini.

Ameacha binti, Márta, na mumewe Luis. Mwana, Stephen, na mkewe Carol. Wajukuu wanne, Walter, Júlia, Andrew na Erzsi. Na mdogo wake, Géza, ambaye ndiye huyu mnayemwona. Pia ameacha vijana wengi wa chumba cha kompyuta ambao leo wana mvi.

Mungu ampokee dada yetu Ilona na ampe utulivu wake.

Kuna jambo moja nilikosea. Jumanne ile jikoni, kabla hajafungua daftari, nilimpa kalamu nikamwambia asaini.